Lijamu ya Ulimi: Neno na Kimya katika Njia ya Unyanyembe

Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya tatu, umetumia mifano mitatu kueleza nguvu ya ulimi: lijamu itiwayo kinywani mwa farasi, usukani mdogo ugeuzao merikebu kubwa, na moto mdogo uteketezao msitu mpana. Watu wa Unyanyembe wa karne ya 19 hawakujua farasi, kwa kuwa mbung'o hawakumruhusu mnyama huyo kuishi, na merikebu waliisikia tu kwa wale waliokwisha kushuka pwani. Moto wa nyikani waliujua. Lakini walikuwa na mfano wa nne, ambao mtume hakuutaja, nao ulikuwa mbele ya macho yao kila mwaka wakati wa kiangazi. Mfano huo ni msafara. Katika msafara neno moja lililosemwa pasipo mahali pake liliweza kupandisha hongo, kuvunja urafiki wa mtemi, au kuwapoteza watu mia pamoja na mizigo yao.

Kwa sababu hiyo Tabora na njia yake ni mahali pafaapo sana kuchunguza fundisho moja la Kikristo ambalo mara nyingi hutajwa kama adabu ndogo tu, yaani kuuzuia ulimi. Habari za njia hiyo zinatuonyesha kwamba vimya havilingani. Kuna kimya kimlindacho jirani, na kuna kimya kimlindacho mwenye kunyamaza. Kwa nje vyote viwili hufanana kama mapacha, na waliovichanganya walilipa gharama kubwa, au waliwalipisha wengine.

Njia yenyewe ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe baada ya mwendo wa yapata kilomita 800. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Hapo njia iligawanyika: moja ikaenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine kaskazini kwa Karagwe na Buganda, nyingine kusini na magharibi kwa nchi za Ufipa na Katanga. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, ambao walikuwa wameshuka pwani na pembe zao kabla Waarabu hawajajenga tembe zao Kazeh. Barua zilikuwa chache, na habari ilisafiri kwa miguu pamoja na kaniki, ushanga na waya. Aliyesema jambo katika baraza ya Tabora hakuweza kujua litafika wapi, wala litafika katika sura gani.

Si ajabu basi kwamba watu wa njia hiyo walikuwa na nidhamu ya ulimi kabla ya mmisionari yeyote kutia mguu. Kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara hakutangaza ovyo kilichomo mitumbani, kwa maana mtemi aliyesikia utajiri wa wageni aliongeza hongo. Vyama vya Waswezi na vya Wayeye, mafundi wa nyoka, vilikuwa na mafundisho yaliyotolewa kwa daraja, na aliyeingizwa hakuruhusiwa kuyamwaga mbele ya wasioingizwa. Waislamu wa Tabora nao walifundishwa na dini yao kwamba kunyamaza ni sehemu ya imani pale mtu asipokuwa na la kheri la kusema. Na Waswahili waliopita huko walikuwa na methali zao: ulimi hauna mfupa, na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukristo haukuingia katika nchi ya watu wasiojua kunyamaza. Uliingia katika nchi ambayo ingeupima kwa jinsi unavyonyamaza na jinsi unavyosema.

Mkristo wa kwanza ambaye ulimi wake ulijaribiwa hadharani katika njia hiyo alikuwa David Livingstone. Tangu mwaka 1867 alitembea mara nyingi pamoja na wafanya biashara Waarabu na Waswahili, akala chakula chao, akauguzwa nao alipokuwa mgonjwa. Alichukia biashara ya watumwa, nao walijua. Lakini mgeni aliyelala chini ya dari ya mwenyeji hakuweza kumtukana mwenyeji kila asubuhi. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe penye mto Lualaba, aliwaona watu wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji. Hakuwa na askari wala amri. Aliandika. Akarudi Ujiji, Stanley akamkuta huko mwishoni mwa mwaka, na Februari 1872 wote wawili wakafika Kwihara, karibu na Tabora, katika tembe ambayo leo ni nyumba ya makumbusho. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley aliondoka Kwihara na barua za Livingstone mzigoni.

Barua hizo zilichapishwa Uingereza mwaka ule ule, zikawasha hasira ya watu, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mkataba huo ulikuwa na sababu nyingi, za siasa na za biashara, lakini hapana shaka kwamba neno lililotoka Kwihara lilikuwa mojawapo. Hapa twaona kimya kilichotunzwa mpaka neno lipate njia ya kufaa. Kumkaripia mwuaji pale Nyangwe kungalimponza msemaji pasipo kuokoa mtu. Kuwaandikia wenye uwezo wa kuzuia kulikuwa jambo jingine.

Hata hivyo mfano huu si safi kama ulivyosimuliwa shuleni kwa miaka mingi. Daftari ya awali ya Livingstone, aliyoiandika kwa wino wa matunda juu ya karatasi za gazeti, ilikuwa imefifia hata isisomeke. Wataalamu waliisoma upya kwa vyombo vya picha, wakaitangaza mwaka 2011. Ilipolinganishwa na habari aliyoinakili baadaye katika kitabu chake cha safari, ilionekana kwamba baadhi ya mambo yamepunguzwa au kubadilishwa, hasa yahusuyo mwenendo wa watu aliokuwa nao mwenyewe. Mtu yule yule aliyesema kwa nguvu juu ya dhambi ya wengine alijua kupunguza sauti alipokaribia mlango wake. Aliyewatetea wa Nyangwe kwa kalamu, kwa kalamu hiyo hiyo alijikinga pia.

Mwaka mmoja na miezi michache baada ya barua zile kuondoka Kwihara, njia hiyo hiyo iliona jaribu jingine la ulimi, na safari hii mashujaa walikuwa Waafrika. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, na Jacob Wainwright akiwa mwandishi wao, waliamua kuupeleka mwili wake pwani. Chuma na Wainwright walikuwa Wakristo. Susi alikuwa bado Mwislamu, akabatizwa miaka mingi baadaye. Walikubaliana kwanza kumficha Chitambo habari ya kifo, wakiogopa kwamba atawatoza mali nyingi. Siri ikavuja. Chitambo alipoijua hakuwatoza. Aliwauliza kwa nini hawakumwambia ukweli, kisha akaja na watu wake kuomboleza. Kimya chao hapo hakikuwa cha lazima, nacho kilimdhulumu mwenyeji mwema kwa kumdhania ubaya.

Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873 walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumtafuta Livingstone. Cameron akashauri mwili uzikwe papo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Mzungu mwenye cheo alikuwa amesema, nao walikuwa watumishi wa marehemu, pasipo bwana wa kuwatetea. Hawakugombana naye wala hawakumtii. Walishikilia nia yao, wakaendelea na safari.

Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Watu wa msafara wakatangaza kwamba wamekubali kumrudisha marehemu Unyanyembe akazikwe. Wakafunga mabua ya mtama kwa nguo kama maiti ifungwavyo, wakawatwika wenzao wakarudi nayo njiani. Hao walipofika mbali waliyatupa mabua kidogo kidogo porini, wakarejea usiku. Mwili wenyewe ulifungwa upya, ukawa mtumba kama mitumba mingine ya nguo, ukapita. Ulifika Bagamoyo Februari 1874, ukapokewa katika kanisa la misheni, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey mjini London.

Mwalimu wa maadili ana swali hapa. Hila ya mabua haikuwa kunyamaza tu. Ilikuwa ni kusema uongo kwa matendo. Mafundisho ya Kanisa tangu Agostino yamekataa uongo hata wa manufaa, na huruma yetu kwa Susi na Chuma isitufanye tuufute mpaka huo. Lakini tofauti na ile siri ya kwa Chitambo iko wazi. Kwa Chitambo walijilinda wao wenyewe na mali yao. Kasekera walilinda amana ya mtu asiyeweza tena kusema, nao hawakupata faida yoyote. Serikali ya Uingereza haikuwakumbuka sana walipofika pwani, na wengi wao walilipwa mshahara wakatawanyika. Basi kosa lao la Kasekera, kama ni kosa, ni la mtu aliyejisahau kwa ajili ya mwingine. Lile la kwanza ni la mtu aliyejikumbuka mno.

Miaka mitano baadaye nidhamu ya ulimi ilikuja Tabora ikiwa imeandikwa katika kanuni. Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alikuwa ameanzisha mwaka 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wa huku waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Msafara wao wa kwanza uliondoka pwani mwaka 1878. Padre Pascal, mkuu wa wale waliokuwa wakienda Tanganyika, alikufa Ugogo mwezi wa Agosti kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki walifika Unyanyembe, wakagawanyika: wengine wakaenda Nyanza na Padre Livinhac, wengine Ujiji.

Lavigerie aliwaagiza mambo mawili yahusuyo ulimi. La kwanza, wajifunze lugha ya wenyeji upesi, na baada ya muda mfupi waitumie hata wao kwa wao. Agizo hili lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyesoma filosofia na teolojia Ulaya, aliyezoea kushinda katika mabishano, alitakiwa akae barazani kama mtoto, akitafuta jina la moto na jina la maji. Msemaji hodari alifanywa bubu kwanza, apate kusikia. Ikiwa kamusi na sarufi nyingi za lugha za bara zilitoka katika mikono ya wamisionari, asili yake mojawapo ni kunyamaza huko kwa kulazimishwa.

Agizo la pili lilikuwa geni zaidi. Lavigerie alifufua desturi ya Kanisa la karne za kwanza, iliyowakataza Wakristo kuwafunulia mafumbo ya dini wale wasiobatizwa. Mwenye kutaka dini alikaa miaka 2 akiwa mpostulanti, akafundishwa tu yale ambayo akili ya mtu yaweza kuyafikia: kwamba yuko Mungu mmoja Mwumba, kwamba iko sheria ya mema na mabaya, na kwamba iko hukumu. Kisha alikaa miaka mingine 2 akiwa mkatekumeni, ndipo akaelezwa Utatu Mtakatifu na Umwilisho. Sakramenti na Misa yenyewe zikangojea ubatizo ukaribie. Jumla ilikuwa miaka 4, isipokuwa mtu akiwa katika hatari ya kufa.

Wengi wamelitazama agizo hili kama tahadhari tu, ili wasibatizwe watu watakaorudi nyuma kesho yake. Tahadhari ilikuwamo. Lakini lilikuwa pia fundisho juu ya neno. Mmisionari aliyevuka bahari na nyika kwa ajili ya kutangaza habari fulani aliambiwa asiitangaze yote. Aisubirie mpaka msikilizaji awe na mahali pa kuiweka. Na kwa watu wa Unyanyembe, ambao waliwajua Waswezi na daraja zao, jambo hili halikuwa la ajabu hata kidogo. Dini inayomwaga siri zake zote siku ya kwanza sokoni ndiyo ambayo ingewashangaza. Hapa kanuni ya kale ya Ulaya na desturi ya kale ya Unyamwezi zilikutana, pengine bila mwenye kanuni kujua.

Kanuni hiyo haikushikwa sawasawa kila mahali. Katika Buganda, watu wa kwanza walibatizwa Machi 1880, muda mfupi kupita mwaka mmoja baada ya mapadre kufika. Mateso yalipoanza mwaka 1885 hesabu ya miaka 4 ilivunjika: Kaloli Lwanga alibatizwa Novemba 1885, mara baada ya kuuawa kwa Yosefu Mukasa, na Mei 1886, usiku wa kabla ya kuhukumiwa, yeye mwenyewe aliwabatiza baadhi ya vijana wenzake. Hapo hapakuwa na uvunjaji wa nidhamu, kwa sababu nidhamu iliwekwa kwa ajili ya kumtengenezea mtu njia ya kufika. Aliyekwisha kufika mbele ya kifo hahitaji kusubirishwa mlangoni.

Jaribu kubwa zaidi lilikuwa Tabora kwenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 Mapadre Weupe walijenga kituo Kipalapala, wakawaweka watoto waliowakomboa kwa kuwanunua utumwani. Walikaa kati ya wafanya biashara wenye watumwa, na chini ya mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye hakuwapenda wageni waliojenga nchini mwake pasipo kumnufaisha. Kulaani utumwa barazani kungalimaanisha kufukuzwa, na watoto kurudi sokoni. Basi walinyamaza, wakanunua. Kimya hicho kilikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja kiliokoa watoto halisi, wenye majina. Kwa upande wa pili, fedha ya ukombozi iliingia mfukoni mwa mwuzaji, na asiyesikia neno la kukataa aliweza kudhani kwamba padre naye ni mnunuzi kama wanunuzi wengine. Hapana mtu awezaye kuwahukumu kwa wepesi, wala hapana awezaye kusema kwamba hawakulipa kitu kwa kunyamaza kwao.

Ndipo yule yule aliyewafundisha kimya alipopaza sauti. Mei 1888 Papa Leo XIII alitoa waraka dhidi ya utumwa, akamtwika Lavigerie, aliyekuwa Kardinali tangu 1882, kazi ya kuutangaza. Tarehe 1 Julai 1888 Lavigerie alihubiri katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris. Tarehe 31 Julai alisema London. Katikati ya Agosti alisema Brussels. Alitumia habari walizomwandikia wamisionari wake kutoka maziwa makuu na kutoka njia ya Tabora. Kile kilichonyamaziwa Kipalapala kilisemwa Ulaya kwa sauti ya radi. Vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa katika nchi kadhaa, na mkutano wa mataifa ukafanyika Brussels miaka ya 1889 na 1890.

Ukitazama mpaka hapo utasema kwamba hesabu imekamilika: siri ilitunzwa mahali pa hatari, ikatolewa mahali pa nguvu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, wala mmwagaji hachagui yatakakotiririkia. Katika mwaka ule ule wa 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Wajerumani, Abushiri akiwa kiongozi wao mmoja. Bismarck alihitaji sababu ya kuliomba bunge fedha za vita, na vita dhidi ya watumwa ilikuwa sababu nzuri, iliyowavuta hata Wakatoliki waliokuwa wakimpinga. Mwaka 1889 Wissmann alitumwa na jeshi. Neno lililosemwa kwa ajili ya mtumwa likatumika kuipata nchi. Mwaka huo huo wa 1889, vita ikiwa imeifunga njia na chuki juu ya Wazungu ikizidi, mapadre waliiacha Kipalapala, wakaondoka na watoto wao. Januari 1893 askari wa Tom von Prince waliiteka ngome ya Isike. Mtemi akawasha baruti, akafa ndani ya ikulu yake asije akashikwa.

Na mtumwa mwenyewe? Serikali ya Wajerumani, iliyoingia kwa jina lake, haikuufuta utumwa kwa mara moja. Iliamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, ikawaacha wazazi wao wangoje. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka 34 baada ya hotuba ya Saint-Sulpice. Hotuba ilikuwa ya kweli. Walakini wengi walioipokea walikuwa na haja zao, na haja hizo zilipotimia walinyamaza. Kimya chao hakikumlinda mtu ila wao.

Je, ingekuwa heri Lavigerie anyamaze? Jibu la Kikristo haliwezi kuwa ndiyo. Kitabu cha Ezekieli chamfananisha nabii na mlinzi aliyewekwa juu ya ukuta: akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya waliokufa itadaiwa mkononi mwake. Anayeuona utumwa na kuficha habari yake kwa jina la upole hana fungu katika sifa za ulimi uliotulia. Kilichokosekana mwaka 1888 ni ulinzi wa neno baada ya kusemwa. Mwenye kusema kwa niaba ya mnyonge ana deni la kulifuata neno lake mpaka mwisho wa safari, kama Susi na Chuma walivyoufuata mtumba wao, aone linafunguliwa na nani na kwa kazi gani. Kufa kwa Lavigerie mwaka 1892 kulimnyima nafasi ya kuona yaliyofuata. Lakini waliobaki waliyaona, na wengi hawakusema.

Kipalapala haikubaki magofu. Mapadre walirudi Unyamwezi, wakajenga Ushirombo mwaka 1891, baadaye Ndala na Tabora mjini. Tangu mwaka 1925 Kipalapala ikawa mahali pa seminari kuu, ambamo mapadre Waafrika wa majimbo mengi walifundishwa. Huko kimya kilikuwa sehemu ya ratiba, hasa usiku. Na mwisho wa mafundisho kilikuwako kimya kizito kuliko vyote, yaani siri ya kitubio. Padre hawezi kuifunua kwa neno wala kwa ishara, hata akitishiwa kufa. Siri hiyo yaonyesha vizuri mpaka tunaoutafuta. Haimlindi padre kamwe, nayo yaweza kumponza. Ni mali ya yule aliyeungama, naye padre ni mchukuzi tu, kama mpagazi asiyeufungua mzigo wa mwingine.

Mwalimu mmoja aliyefundisha katika shule ya Mapadre Weupe mjini Tabora, St. Mary's, tangu 1946 mpaka 1949, alirudi katika mji huo Januari 1958 akiwa Rais wa TANU. Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, alikuwa amekwisha kuonja gharama ya maneno: mwaka 1957 serikali ilimkataza kwa muda kuhutubia mikutano ya hadhara. Mkutano wa Tabora ulikuwa wa kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia pamoja, tena kwa masharti ya elimu na kipato yaliyowaacha wengi nje. Wajumbe wengi walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Neno tamu siku ile lingalikuwa kususia.

Nyerere aliwaomba washiriki. Mkutano ulikubali, na uamuzi ule umeitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga, akaanzisha chama chake. TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda uchaguzi uliofanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Haingekuwa haki kuuhesabu uamuzi ule kuwa wa Wakristo. Ulikuwa wa Waislamu, Wakristo na watu wa dini za jadi pamoja, wengi wao wakiwa watoto wa nchi iliyojua tangu zamani thamani ya ulimi uliofungwa kwa wakati. Lakini unatupa mfano wa kiongozi aliyeacha neno ambalo lingemletea sifa mwenyewe, akachagua neno lililowafaa waliomtuma.

Hata yeye hakuwa na lijamu siku zote. Katika mwaka ule ule, toleo la Mei la jarida la Sauti ya TANU lilichapisha makala yake ya kuwashutumu maofisa wa serikali. Alishitakiwa kwa kukashifu, mahakama ikamtia hatiani, ikamtoza paundi 150 au kifungo cha miezi 6. Alilipa faini. Wako wanaoisoma habari hii kama kuteleza kwa ulimi, na wako wanaoisoma kama kazi ya mlinzi juu ya ukuta. Kipimo kilichopatikana katika njia ya Unyanyembe chasaidia hapa pia: makala ile ilisemwa kwa ajili ya watu wa wilaya wasiokuwa na gazeti, na aliyelipa alikuwa mwandishi.

Injili zasimulia kwamba Yesu alinyamaza mbele ya Herode, aliyetaka kuona miujiza ya kumfurahisha, na kwamba mbele ya Pilato alijibu machache. Lakini Hekaluni, palipokuwa na wanyonge walionyonywa, hakunyamaza. Aliyemezwa na tamaa ya kuonekana hodari husema mbele ya Herode na kunyamaza Hekaluni. Njia ya Tabora, tangu siku za Kwihara hata siku za kura tatu, imejaa mifano ya mambo yote mawili, na mara nyingine katika maisha ya mtu mmoja. Mwenye kujifunza kuuzuia ulimi hana budi kujiuliza, kabla ya kufunga kinywa na kabla ya kukifungua, nani atakayebeba mzigo wa kimya chake, na nani atakayebeba mzigo wa neno lake. Ikiwa mbebaji ni jirani, na atafakari tena. Ikiwa ni yeye mwenyewe, na aende nao mpaka pwani.